Benchi la Mguu Mfupi

Mahakama ya Igombe. Mimi ni karani.
Nasimama mlangoni, naita jina mara tatu
kuelekea ziwani, na upepo unalirudisha
likinuka dagaa.

Machi niliita: Kwandu Luhende.
Alikuja na mchanga wa mwalo miguuni.
Kokoro moja, la kuazima,
matundu yake hayapitishi kidole cha mtoto.
Dakika kumi na moja. Faini, au miezi sita.
Shemeji yake akauza mbuzi wawili na redio.
Kokoro tulilichoma nyuma ya choo,
moshi ukaingia kwenye chai yetu.

Aprili niliita: Nkinga Bulugu.
Ghalani kwake makokoro arobaini, mapya, yana risiti.
Nikaita tena.
Mara ya tatu likaitika ziwa.
Mei, wakili alisema mteja wake ana presha.
Juni, upelelezi haujakamilika.
Julai, jalada lilikuwa safarini;
hata mimi niliyelifunga kamba
sijui lilipanda gari gani.

Yote niliyaandika. Kifungu kilekile,
kalamu ileile. Wino hauna ukoo.

Husemwa sheria ni msumeno.
Baba yangu alichonga mitumbwi, misumeno naijua:
hukata ukienda, hukata ukirudi,
ila haujawahi kukata mpini wake.

Agosti akaja hakimu mpya, Restituta, ana mafua.
Akasoma jalada la Nkinga, akaomba na la Kwandu,
akayalaza mezani sambamba kama nguo za mapacha.
"Ita," akasema, akapenga kamasi.

Nkinga akaja, nyuma yake dereva
amebeba kiti chenye mto.
"Kiti kirudi garini."

Basi likabaki benchi letu,
lenye mguu mfupi tulioukingia karatasi iliyokunjwa,
ukurasa wa nini, sijawahi kuukunjua.
Kwandu alikuwa amekaa pale,
amefuata risiti ya faini kwa mara ya tano.

Nkinga alipokaa, benchi likainama kwake.
Kwandu akainuliwa kidogo, bila kutaka, akashika ukingo.
Kisha akasogea nyuma,
akakaa kwa uzito wake wote.

Hukumu sijui. Tarehe imepangwa, na tarehe nazijua.
Lakini muda wote nikisoma shitaka
miguu minne iligusa sakafu,
na ule wa nne, naapa, niliusikia ukitua.