Daftari na Swichi

Baba alikuwa karani wa mishahara, kambi ya Jinja.
Kiswahili changu nilikiokota pale,
kati ya gwaride na moshi wa kuni:
Kwata. Posho. Makato. Weka kidole hapa.
Mwisho wa mwezi alivaa miwani iliyofungwa uzi,
akachora mistari miwili myekundu chini ya jumla,
akaifunga leja kama mtu afungaye ghala.
"Mali bila daftari," angeanza,
nasi watoto tungemalizia: "hupotea bila habari."
Kazi yake ilikuwa jana. Aliandika yaliyokwisha kutokea.

Mimi natumwa kesho.

Ofisi yetu iko Bukoto, ghorofa ya tatu,
juu ya kinyozi na duka la vigae.
Mlango wangu uliandikwa: Asekenye J., Mkurugenzi wa Fedha.
Tangu Machi sina mlango.
Ukuta ulibomolewa ili tufikiri pamoja,
sasa nakaa na vijana wa programu
walao roleksi saa nne na kupangusa mafuta kwenye suruali,
wakiniuliza mambo ambayo baba hakuulizwa kamwe:
Tuingie Gulu, au tungoje?
Seva zihamie wapi?
Nani ataacha kulipa mwezi wa tisa?
Kana kwamba nina kuku wa kupasua nisome matumbo.

Tunauza mwanga.
Paneli juu ya bati, betri, balbu nne, redio.
Mteja hulipa kwa simu, elfu moja mia tano kwa siku.
Asipolipa, swichi iko kwetu:
huku Bukoto mtu anabonyeza,
kule Kumi giza linaingia.

Jumatatu Ocitti alileta mashine yake ya kukisia.
Hiyo haisubiri deni liive.
Ikikuona unasitasita, inazima mapema.
"Ili wajifunze," Mugabi akasema,
na wawekezaji kwenye skrini wakatikisa vichwa
kwa kuchelewa kidogo, mtandao ulikuwa mzito.
Ikabaki saini yangu.

Nikaomba usiku mmoja.
Nikapekua safu kwa safu, kama baba na makato yake,
hata saa sita nikamkuta:
mteja 40817, Mukura. Alama: hatari.
Hukaa siku tano, sita, bila kulipa,
kisha Jumanne jioni hulipa zote,
miaka miwili sasa, bila kuruka hata wiki.
Mashine iliona kusitasita.
Mimi niliona gulio.
Niliwaona shangazi zangu na magunia ya ufuta,
noti zimefundikwa kwenye pindo la kitenge.
Huyu hachelewi.
Ni wiki yake tu yenye siku moja.

Asubuhi nikasema hapana.
"Nilidhani wewe ni injini," Mugabi akasema. "Kumbe breki."
Sikumjibu. Akiba yetu ni ya miezi saba,
na namba hiyo niliiandika mimi, kwa mkono huu huu.
Basi tukagawana kama nyama:
vijiji vya magulio vikapewa wiki,
kwingine kote mashine ikaachiwa.
Nikatia saini.

Kuna mtu usiku huu, Pallisa au Bududa,
amekaa gizani kwa sababu nisiyoijua,
maana huko sina shangazi.

Jana nilimpigia baba, Ngora.
Yeye hulipa mwaka mzima mbele
na bado anadai risiti ya karatasi, yenye mhuri.
"Umeshafunga hesabu?"
"Bado, baba. Siku hizi hazifungwi."
Akanyamaza.
Nyuma yake nikasikia redio, kwa betri yetu,
mtu akisoma bei ya ufuta.