Gazeti la Kufungia Furu

Mvinyo wa misa ulifika Bukumbi kwa meli na reli,
kila chupa imevishwa gazeti la Kifaransa.
Padre alibaki na chupa. Magazeti alimpa shangazi Minza,
naye akayapeleka Kirumba kufungia furu.

Ndivyo Bunge la Paris lilivyoingia sokoni kwetu:
limelowa, linanuka shombo,
mawaziri wakuu wamekunjwa pembe nne.

Baba alikuwa karani wa mizani kule jineri.
Kifaransa alikipata seminari, kabla hajafukuzwa
kwa sababu ambayo mama hakutaka itajwe mezani.
Jioni alikwangua magamba, akasoma:
serikali imeanguka.
Wapima pamba wakalipana.
Maana waliwekeana dau:
huyu atamaliza vuli? Yule ataiona palizi?
Ngasa alishinda shilingi mbili
kwa serikali iliyokuwa imekufa miezi mitano
kabla yeye hajaitabiria kifo.

Shangazi alihesabu kwa vidole vya mikono,
vikaisha, akashukia vya miguu.
"Hawa wanaanguka kila mavuno," akasema,
"mbona gavana wao huku Afrika haanguki?
Paa linang'oka, kufuli la ghala liko palepale?"
Baba akafuta miwani,
akaifuta tena.

Kisha ukaja ukurasa wa mwaka hamsini na nane,
umechelewa kama ada.
Gine imepiga kura. Imesema *non*.
"Ni neno refu?"
"Fupi. Kama *yaya* yetu, ila hili hutokea puani."
Jineri nzima hakuna aliyedai dau;
hakuna aliyekuwa ameweka.

Nasi tulikuwa na kura yetu, ya vipande vitatu:
Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja, Mhindi mmoja,
ukimruka mmoja, karatasi imeharibika.
Baba alifaa: kisomo, mshahara.
Shangazi hakufaa. Alikuwa na furu tu.

Usiku ule alitaka aonyeshwe neno lenyewe.
Mwiba ulikuwa umetoboa herufi ya katikati.
Akaisogeza karatasi kwenye koroboi,
akachungulia kwa jicho moja, kimya, muda mrefu,
mpaka mama akauliza kama mafuta ya taa ni ya bure.

Asubuhi aliuza furu mikono mitupu,
ukurasa umefungwa pindoni pamoja na chenji.
Mke wa karani wa posta akanung'unika:
"Leo hunifungii? Si gazeti hilo ninaliona?"

"Yaya," akasema shangazi,
akamhesabia furu wake viganjani.