Nambari Gani, Tafadhali

Funguo nimezipata ndani ya pipa la mchele.
Meno yake ya bandia, kwenye bakuli la achari.
Jina langu bado nalitafuta.

Leo asubuhi kaniita Zuena,
dadake, aliyezikwa mwaka wa mvua kubwa,
akaniuliza kama nimelipa deni la leso.
Nikasema nimelipa.
"Zote mbili?"
Zote mbili.
Akaridhika, akachovya hamri ndani ya chai
likalowa, likazama,
akabaki kuangalia kikombe
kama mtu aliyeangusha pete kisimani.

Adhuhuri ameisali mara tatu.
Ya nne sikumzuia.

Kule hospitali, Makadara,
daktari, kijana wa watu, alimpa kalamu:
"Mama, chora saa.
Iwe saa tano na dakika kumi."
Akachora duara zuri, la mkono wa chapati,
nambari zikasongamana upande mmoja
kama abiria feri ikigusa Likoni,
na mshale akauelekeza kwenye tano yenyewe.
Daktari akaandika kitu.
Nilitaka kumtetea:
Daktari, sisi tangu kuzaliwa
saa tano twaisoma kwenye kumi na moja,
mshale wasema hili, ulimi wasema lile,
ni nani hasa aliyepotea?
Nikanyamaza. Nilikuwa najua.

Jirani wa chini asema amechezewa,
akatuletea kombe la zafarani.
Mama alilinywa, akauliza mbona halina sukari.
Kakangu Twalibu asema kwa simu ni uzee tu,
kisha atuma pesa za "vile vitu".
Nepi, Twalibu. Zaitwa nepi.

Miaka ishirini na sita alikaa Posta
mbele ya ubao wa simu,
visikizio masikioni, nyaya vidoleni,
akiuunganisha mji huu:
bandari na reli, wakili na mdaiwa,
mume aliye Lamu na mke aliyenuna Kuze.
Alisikia yote. Hakumwambia mtu.
Sasa siri zamtoka moja moja
jua likianza kuchwa, na nyingine ni zake:
jina la mwanamume ambaye si babangu
alitaja polepole, kama aonjaye chumvi.
Nami naendelea kukunja nguo.

Jana, saa nane za usiku,
nilimkuta ukumbini, mgongo wima,
amepanga vibanio vya nguo ukingoni mwa meza,
nyuzi za kushonea zimetoka kimoja hadi kingine.
Kwa sauti ile ya kazini,
niliyokuwa nikimwigiza utotoni hadi anichape,
akasema:
"Nambari gani, tafadhali?"

Nilikuja kumwambia, Mama, ni usiku, kalale.
Kinywa kikasema:
Nne, sita, moja, tisa.
"Ya hapa hapa au ya mbali?"
Ya hapa hapa.
"Wamtaka nani?"
Mwanakheri binti Shekue.

Akatulia.
Akakibandua kibanio, akakibana pengine,
akainamisha kichwa kusikiliza,
na kwa mara ya kwanza tangu Ramadhani
uso wake ulikuwa na mwenyewe ndani.
"Yupo," akasema. "Lakini laini ina mtu.
Yuazungumza.
Dakika tatu ni shilingi tano, walipa mbele."

Nikampa shilingi tano.
Akaifunga pindoni mwa leso, mafundo mawili,
akalipigapiga lile fundo.
Nikaketi sakafuni, miguuni pake.
Barabarani muuza kahawa wa mwisho
alikuwa akisukuma mkokoteni kurudi kwake.

"Bado ina mtu," akaninong'oneza.
"Usikate."

Sikati.