Sauti Ndani ya Premio

Muhula wa kwanza, Makerere, feni imekufa.
Bi Kobusingye anaandika jina langu ubaoni:
Na-ru-wo-ga. L yangu imebaki nje
kama viatu mlangoni.
Tunacheka, sisi tuliochekwa shuleni
kwa kuchanganya kulala na kurara;
leo tumefika kwenye lugha isiyouliza.

Najifunza kuinama. Magoti yalishajua njia
tangu kwa bibi, Kalungu.
Mgongo ndio mgeni.

Ijumaa nampitia mjomba Ssebugwawo, gereji ya Katwe.
Anawasha gari, na kama kila siku, miaka sita,
mwanamke aliyejificha kwenye dashibodi
anasema neno lake refu, laini.
Mjomba humjibu: "Asante, mama. Nawe ushinde salama."
Anaamini ni dua ya safari.
Hajawahi kugonga hata kuku.

Leo nasikiliza nikiwa na daftari.
Yote yananipita, ila mawili:
kaado, imasen.
Kadi, na kile kikanushi cha somo la tatu.

"Anasemaje?" Mkono wake uko kwenye gia.
Somo la tatu halijanifundisha kudanganya.
"Ni kadi, mjomba. Hujaiweka."

Kimya, mpaka Kibuye.
Kisha anazima redio.
"Miaka sita! Kumbe ananidai."

Jumatatu nakuta kadi ya Pasaka
imechomekwa pale inapotokea sauti.
Kwa mikono miwili, ananiapia.