Ukurasa wa Kumi na Tisa

Bimurza alikuja na bati la biskuti kwapani,
theluji mabegani. Viatu akaviacha mlangoni
ingawa hapa ni ofisi ya shule tu, na sakafu ni ya saruji.
Ndani ya bati, karatasi thelathini na moja:
hati ya shamba yenye muhuri wa serikali iliyokwisha kufa,
risiti za misumari, za mbao, barua ya daktari,
picha za nyumba kabla mlima haujaishukia.

Barabara ya kushuka Zugdidi ilikuwa siku ya kumi na moja imefungwa.
Wizara haipokei maombi ya fidia ila kwa mtandao,
na mlango wa wizara una upana wa megabaiti tano.

Nikaziskani moja moja. Skana yetu inakohoa kama mvuta kiko.
Sitini na nne, ikasema kompyuta.
"Sitini na nne nini?"
Nikatafuta neno. "Uzito."
Akalipima bati kwa kiganja, akacheka:
"Hata kilo halifiki."

Nikaanza kubana.
Kwanza rangi: muhuri mwekundu ukageuka majivu.
Kisha nukta, kutoka mia tatu hadi mia na hamsini,
na duara la kikombe cha chai likafutika kwenye risiti ya mbao,
duara la mwaka ule aliopaua.
Haba na haba hujaza kibaba;
mimi nilikuwa nakipunguza kibaba, haba kwa haba.

"Unatupa nini?"
"Vile ambavyo jicho halitajua vimekwenda."
"Jicho la nani?"
Nikabonyeza tena.

Ishirini na mbili. Kumi na moja. Saba na nusu.
Umeme ukakatika, ukarudi, tukaanza upya kwenye kumi na moja.
Nazibrola wa jikoni akatuletea mkate wa nyama,
akaula wake amesimama, akitazama namba nasi
kama mtu anayesubiri maziwa yachemke.

Sita nukta mbili. Hapo likagoma.
Mzigo wote ulikuwa ukurasa wa kumi na tisa:
ukuta wa kusini, mawe bado yamenyooka,
na mbele yake Dareja, mkewe, na ndoo,
amefumba jicho moja kwa ajili ya jua.

Nikaubana peke yake.
Ukuta ukabaki ukuta, mhandisi angeweza kuhesabu mawe.
Dareja akawa miraba.
Mraba wa paji, mraba wa shavu,
na lile jicho lililofumbwa
likafanana na lililo wazi.

Bimurza akavua miwani, akaivaa tena.
"Mtoe."
Nikamwambia picha ni ushahidi.
Nikamwambia wanautaka ukuta,
hawatamtazama yeye.
"Ndiyo maana," akasema.

Bila yeye, nne nukta tisa.
Faili likapita kama uzi kwenye tundu la sindano,
mstari wa kijani ukajaa, ukazimika, basi.
Picha akaifuta vumbi kwa mkono wa sweta.
Hakuirudisha batini; aliiweka mfuko wa ndani,
akavaa viatu vilivyokwisha ganda,
akaondoka bila kuuliza majibu hutoka lini.

Yalitoka Jumatatu, mistari miwili:
Ombi limepokelewa. Kurasa zinaruka
kutoka kumi na nane hadi ishirini; tafadhali eleza.

Nikaandika: ulikataa kupungua. Nikafuta.
Nikaandika: barabara ikifunguka ataleta mwenyewe.
Nikafuta na hilo, maana namjua.
Nje wanafukua theluji kwa koleo, nasikia chuma kikigonga jiwe.
Kishale kinapepesa. Mstari bado ni mtupu,
na mtupu hauna uzito wowote.