Safu ya Arobaini na Tatu

Nimepewa kiti cha plastiki kando ya sinki,
kalamu mbili, na kibali chenye mihuri mitatu.
Kazi yangu ni kuhesabu:
dakika ngapi tangu mgonjwa avuke kizingiti
hadi mkono wa kwanza umguse,
mara ngapi muuguzi anaitwa
sindano ikiwa bado mkononi.
Mtazamaji asiingilie, yasema fomu,
ila hatari ikiwa dhahiri.
Nimelisoma neno hilo, dhahiri, hadi limechakaa.

Saa ya ukutani, hapa Malindi, inachelewa dakika nne.
Nimeitaja kwenye tanbihi.
Wauguzi wawili, wagonjwa thelathini na mmoja,
na benchi la mlangoni lina mguu wa tofali.

Safu ya tisa: mchota chumvi wa Gongoni,
nyayo zimepasuka hadi pekundu.
Dakika hamsini na mbili. Hakulalamika.
Niliandika hivyo, hakulalamika, kisha nikafuta;
hakuna mahali pake.
Safu ya ishirini: mtoto aliyekunywa mafuta ya taa.
Dakika mbili.
Mama yake alikuwa na sauti.

Saa tisa usiku tuktuk ikapinduka karibu na daraja la Sabaki.
Wakaletwa bibi na mjukuu, mchanga ungali nyweleni.
Kwa Wagiriama jina halizikwi, hushuka.
Bibi ni Dama, babake Ngumbao.
Mwanawe akaitwa Ngumbao, naye akamzaa Dama.
Dama Ngumbao, Dama Ngumbao,
vitanda viwili, pazia moja lisilofika.

Umulkheri amesimama tangu magharibi.
Anavuta penisilini kwenye sindano.
Wa kwanza anataka ufunguo wa oksijeni.
Nachora mstari.
Wa pili ni simu. Wa tatu anauliza choo kiko wapi.
Daktari, mara mbili.
Wa sita ni mlinzi: gari la maiti limezuia lango.
Nachora mstari.

"Dama Ngumbao?"
"Ni mimi," akasema bibi.
Wala hakudanganya.

Dawa ilikuwa ya mguu wa mjukuu, mfupa uko nje.
Bibi alikuwa amesema pale mezani, alipofika,
kwamba dawa hiyo iliwahi kumfunga koo,
ikaandikwa nyuma ya kadi,
na kadi ikalala chini ya kadi nyingine.
Mimi nilisikia kwa sababu nimekaa,
sina kazi ila kusikia.

Sijui nilisimama lini.
Kiti kilianguka; ndicho kilichosema kwanza.
"Umul. Siye."

Tone moja likaning'inia kwenye ncha.

Hakunishukuru. Alikuja kwenye sinki, akafungua bomba,
akanawa, akanawa tena.
"Ningemuua," akayaambia maji.
Nikamwonyesha karatasi: mistari sita.
Akaihesabu kwa kidole kibichi,
wino ukamfuata.

Kisha akachana plasta kwa meno,
akaandika HAWE, akabandika kitanda cha kushoto,
akaandika DAMA MDOGO, akabandika cha kulia.
"Mdogo ni yeye," mjukuu akasema, meno yanagongana,
"mimi nimempita kimo tangu darasa la sita."
Bibi akacheka, akashika mbavu, akajuta kucheka.

Sindano ilidungwa saa tisa na dakika arobaini na moja.
Ondoa nne, ongeza nne, sikumbuki tena.

Fomu inauliza: kosa lilizuiwa na nani?
Muuguzi. Daktari. Jamaa. Mgonjwa.
Visanduku vinne, na hakuna hata kimoja cha kiti kilichoanguka.

Muadhini wa msikiti wa sokoni ameanza kukohoa kwenye kipaza sauti.
Safu ya arobaini na nne imeshaingia, mwanamke mjamzito, anatembea mwenyewe.
Ya arobaini na tatu nimeiacha tupu.
Msimamizi wangu ataiona, ataiwekea alama ya kuuliza.
Nitamwambia hapo ndipo nilipoweka kalamu chini.