Feni Haijaitwa

Saa kumi na mbili kasorobo, Julai, Isevya.
Kioo kina ukungu kwa ndani. Hita nimeifungua yote,
inanipulizia pumzi ya mtungi.
Na feni ya rejeta, toka Urambo mpaka hapa,
kimya.

Kashindye hakuuliza gari lina nini.
Alichomoa soketi, akaunga nyaya mbili kwenye betri:
feni ikavuma, ikamrushia vumbi la tumbaku usoni.
"Nzima hii."
Akaushika mpira wa juu wa rejeta
kama ashikavyo mtu paji la mtoto.
"Vuguvugu. Injini yako haipati joto, mama.
Feni haijafa. Haijaitwa.
Nani alitoa themostati?"

Maganga. Mwaka ule tulipochemkiwa njia ya Sikonge,
ndoo za asali nyuma, maji ya kunywa yote kwenye rejeta,
aliapa na spana mkononi:
huku kwetu joto, kidude hiki cha nini?

Lakini Maganga hakuwa mtu wa kutupa kitu.
Nikafungua droo ya dashibodi:
risiti za mafuta, miwani ya jicho moja,
na ndani ya gazeti lililokunjwa mara nne,
kidude.

Tukakitumbukiza kwenye sufuria ya Nyamizi muuza chai.
Tukainama watatu. Maji yakaanza kunong'ona, kikabaki kimefumba.
"Subiri," akasema Kashindye.

Kikafunguka, upana wa ukucha.

Sikusema neno.
"Haya," akasema Nyamizi, "nirudishieni sufuria yangu."